Nani Yumo Kwenye Picha ya Injini?

Kaskazini mwa Wales kuna njia ya reli nyembamba inayotoka Caernarfon, mji wa pwani wenye ngome ya kale. Inapita chini ya mlima Yr Wyddfa, kisha inateremka hadi Porthmadog, mwendo wa kilomita 40 hivi. Vyuma vyake viwili vimeachana kama sentimita 60 tu. Hapo ndipo inapofanya kazi injini ya mvuke namba 143, ya mwisho ya aina ya Garratt kuundwa na kiwanda cha Beyer Peacock pale Manchester, mwaka 1958. Wales haikuwa imeiagiza. Iliundwa kwa ajili ya Afrika, na nguvu za ujana wake ilizimaliza Natal, Afrika Kusini, kwenye reli za kubebea miwa na magogo. Miaka ya 1990 ikavushwa bahari, na leo inavuta wasafiri ambao wengi wao hawana haraka ya kufika popote.

Juu ya kijiji cha Beddgelert reli hujipinda huku na huku ili iumudu mlima, kwa maana kila mita 40 za mwendo hupanda mita 1 nzima, na kwa treni huo ni mwinuko mkali. Wapiga picha wanapajua mahali hapo. Hupenda kuja siku za baridi, kwa sababu hewa baridi huufanya mvuke uonekane mweupe na mzito. Husimama kwenye nyasi zenye umande, kamera tayari, wakangoja. Wanangoja wingu liondoke juani. Wanangoja mpanda mlima mwenye koti la rangi kali apite, na lile gari lililoegeshwa kando ya ukuta wa mawe liende zake. Treni husikika muda mrefu kabla ya kuonekana. Ikitokea, ni kwa nukta chache, halafu inamezwa na kona.

Wanangoja nini hasa?

Jibu la kwanza ni uzuri, na hakuna atakayelikataa. Mvuke unapotoka kwenye dohani hupanda, hukunjuka, hupigwa na jua la ubavuni, na kwa kitambo kidogo mlima mzima unaonekana kama uliwekwa pale kwa ajili yake. Lakini uzuri peke yake hautoshi kueleza subira ile. Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, yana injini namba 5918, iliyopewa jina la Mount Gelai, mlima ulio karibu na Ziwa Natron. Nayo ni Garratt, nayo ilitoka kiwanda kilekile cha Manchester. Ni moja kati ya injini 34 za aina yake zilizovuta treni nzito za mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, na uzito wake unafika tani 250 na kidogo. Mtu anaweza kuizunguka kwa nafasi yake, akainama chini ya magurudumu, akapiga picha nzuri bila kungoja wingu. Sasa iweke picha hiyo kando ya ile ya mlimani, umwulize mtoto ni ipi inayomsisimua. Ataonyesha yenye moshi. Injini iliyosimama ina umbo lote, ukubwa wote na rangi zote. Imekosa kitu kimoja: haifanyi kazi.

Hapo tunafika kwenye neno tunalolitamka kila siku bila kulipima. Kazi ni nini? Tukisema kazi ni nguvu inayotumika kushinda kizuizi, basi injini 143 inafanya kazi, hakuna ubishi. Mlima ni uleule kwa mtalii na kwa gogo, na mzigo hauwi mwepesi kwa kuwa aliyepanda amelipa nauli ili afurahi. Ila si kila nguvu inayotumika tunaiita kazi. Mtu akibeba jiwe akalizungusha uwanjani na kulirudisha lilipokuwa, ametoka jasho, lakini hatusemi amefanya kazi. Basi tuongeze sharti: kazi ni nguvu inayotumika kwa sababu yupo mtu anayehitaji matokeo yake. Kwa sharti hili mambo yanakuwa magumu. Natal kulikuwa na mtu aliyengoja miwa ifike. Wales nani anangoja? Barabara ya lami inafika Beddgelert, na mwenye haraka atapanda gari.

Wapo wanaohitimisha kwamba yale ni maonyesho tu, na kwamba mpiga picha anapiga igizo la kazi. Mimi naona wamefunga hesabu mapema. Mbuzi ya kukunia nazi iliyotundikwa ukutani mwa hoteli ni pambo, hilo halina mjadala. Lakini bibi anayeketi juu ya mbuzi yake na kukuna nazi, ingawa nyumba ina mashine ya umeme, haigizi. Mchuzi uko jikoni unangoja tui, na mjukuu yuko pembeni anatazama mkono unavyozunguka. Zamani alikuwa anatoa tui. Sasa anatoa tui na ujuzi kwa pamoja, na pengine ujuzi ndio unaohitajiwa zaidi. Haja imehama mahali, haijafa.

Ndivyo ninavyoelewa kilichotokea Wales. Mwaka 1951 watu wa kujitolea waliichukua reli ndogo ya Talyllyn iliyokuwa karibu kufungwa, wakaiendesha wenyewe. Ikawa reli ya kwanza duniani kuokolewa kwa namna hiyo. Mwaka 1968 shirika la reli la taifa la Uingereza likaacha kutumia mvuke kwenye njia zake kuu, na kuanzia hapo injini nyingi zilizobaki na moto zilibaki nao kwa sababu kuna watu walioamua zisizimike. Reli ya Caernarfon yenyewe ilifunguliwa mwaka 1923, ikafungwa 1937, na vyuma vyake vikang'olewa wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ikajengwa upya kipande kwa kipande hadi mwaka 2011 treni za abiria zilipoanza tena kufika Porthmadog. Sehemu kubwa ya vyuma na mataruma ya kipande cha kusini ililazwa na watu wasiolipwa, mwisho wa wiki, kwenye mvua ya milimani. Mtu hafanyi hivyo kwa ajili ya igizo. Walihitaji kitu, nami nadhani kilikuwa hiki: kujua kwamba bado wanaweza.

Lakini tukisema wameihifadhi injini, tumesema wamehifadhi nini? Injini ya mvuke hujila yenyewe inapofanya kazi. Mabomba yaliyo ndani ya boila huliwa na moto na maji, hubadilishwa. Magurudumu huchongwa, matairi yake ya chuma huvuliwa na kuvikwa mapya. Baada ya miaka ya kutosha, sehemu kubwa ya kile anachokipiga picha mpiga picha haijawahi kuiona Natal. Na kuna jambo linalotuingiza ndani zaidi: mwaka 2008 Waingereza walikamilisha injini mpya kabisa ya mvuke, iitwayo Tornado, kwa michoro ya aina ambayo haikuwa imebaki hata moja. Je, hiyo ni ya kweli, au ni sanamu yenye moto tumboni?

Inabidi tuseme tunachokusudia kwa neno uhalisi. Kama uhalisi ni chuma kilekile, basi injini iliyolala makumbushoni bila kuguswa ndiyo halisi kuliko zote, na inayofanya kazi hupoteza uhalisi wake kila siku. Maana hiyo moyo wangu unaikataa, kwa sababu inakipa heshima kitu kwa kadiri kinavyokaribia kufa. Naona uhalisi wa chombo cha kazi uko kwenye mfululizo usiokatika wa mikono inayokijua. Mtu anayewasha moto alfajiri, saa nyingi kabla ya safari, hauchochei kwa pupa, kwa kuwa chuma baridi kikipata moto wa ghafla kitajiumiza. Anazunguka na kopo la mafuta, kitambaa kimemning'inia mfukoni, anagusa kiungo kimoja kimoja kwa nyuma ya vidole ili ajue joto lake. Hakuzaliwa akijua kufanya hivyo. Alionyeshwa na mwingine, naye yule alionyeshwa, na ukiufuata mnyororo huo kurudi nyuma unafika kwa watu walioifanya kazi ileile pasipo kujua kwamba kuna siku itaitwa urithi. Mkono mmoja katikati ukikosekana, chuma kitabaki na injini itakuwa imekwisha.

Sasa mrudie mpiga picha pale mlimani, utazame anachokiondoa. Ameliondoa gari, ameliondoa koti la rangi kali, amesogea kushoto ili nguzo ya leo isionekane. Anataka picha ambayo ingeweza kupigwa mwaka 1958. Simlaumu haraka. Kuna hamu ya kweli ndani yake, hamu ya kuona wakati mwingine ukiwa mzima, bila ufa. Lakini ni lazima tuulize, hasa sisi tunaosoma kwa Kiswahili: huo mwaka 1958 anaoutaka ni wa nani?

Mwaka 1958 injini 143 ilikuwa inakwenda Natal chini ya ubaguzi wa rangi. Sheria na desturi za nchi ile zilipanga nani apande kuendesha na nani apige koleo chini, nani alipwe mshahara wa kulea familia na nani alale kambini mbali na yake. Hayo hayaonekani kwenye chuma. Moshi wa leo ni mweupe uleule. Ukiwaondoa watu wote kwenye picha ili upate wakati uliopita, umepata wakati ambao haujawahi kuwapo, kwa sababu kila wakati ni watu wake. Mapito yasiyo na watu ni mepesi kuyapenda, hayadai chochote.

Reli yetu nayo ina hesabu ya namna hii. Kati ya mwaka 1896 na 1901 ilijengwa kutoka Mombasa hadi Kisumu, na katika vibarua zaidi ya 30,000 walioletwa kutoka Bara Hindi, karibu 2,500 walikufa. Wanandi walioipinga walipigwa, na kiongozi wao Koitalel arap Samoei akauawa mwaka 1905. Nairobi ilizaliwa kutokana na kambi ya reli ya mwaka 1899. Halafu yakaja maisha ambayo nayo ni ya kweli: madereva, watia moto, mafundi wa karakana, wapiga bendera, nyumba za wafanyakazi wa reli pale Muthurwa, Tabora iliyokuwa mji wa reli kwa kila hali, watoto waliosomeshwa kwa mshahara wa reli. Injini za aina ya Mount Gelai zilipokuwa zikipanda kutoka pwani, zilikuwa na vikosi viwili. Kimoja kiliendesha na kingine kilipumzika kwenye behewa lao nyuma ya injini, kisha wakapokezana. Nikiitazama 5918 imesimama, ninalolifikiria ni usingizi wa yule wa kikosi cha pili, anayelala juu ya magurudumu akijua ataamshwa njiani gizani, kabla ya Nairobi.

Kwa hiyo natenganisha hali mbili za moyo ambazo kwa nje zinafanana. Kuna hamu ya zamani, ambayo inataka kurudi na inachagua. Na kuna kumbukumbu, ambayo haitaki kurudi ila haikubali kitu kipotee, kitamu wala kichungu. Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Wako wanaoitumia methali hii kufunga mlango: moshi umekwisha, vibarua wamekufa, tutazame mbele. Lakini mganga hagangi asichokijua. Atakayeganga yajayo ya reli, na ya kazi kwa jumla, atahitaji kujua iliwagharimu nini waliotangulia. Mimi naisikia methali ile ikitukataza kulea kinyongo. Sijaisikia ikituamuru kusahau.

Je, inawezekana kupiga picha ya injini kwa moyo wa kumbukumbu? Inawezekana, na imewahi kufanyika vizuri sana. Mmarekani O. Winston Link, kati ya mwaka 1955 na 1960, alijilipia safari kutoka New York kwenda Virginia na majimbo jirani ili apige picha za Norfolk and Western, kampuni kubwa ya mwisho Marekani kutegemea mvuke. Alipenda kupiga usiku, akitandaza taa zake za kumulika kwenye uwanja mzima, na injini ikipita taa zote zinawaka kwa nukta moja. Ukizitazama picha zake unaona kwanza watu. Watoto wanaoga mtoni chini ya daraja, na treni iko juu yao. Familia imekaa sebuleni, na dirishani kunapita injini. Katika picha yake maarufu ya mwaka 1956, kijana na msichana wamekaa ndani ya gari kwenye sinema ya uwanjani, pale Iaeger, West Virginia. Kwenye pazia kuna ndege, na nyuma yake garimoshi linapita kwa kasi, moshi mweupe juu ya giza.

Picha hiyo imepangwa. Waliokaa garini waliwekwa pale, na ile ndege aliiongeza baadaye, maana mwanga wa taa zake ulikuwa umeifuta sinema kwenye pazia. Basi ni uongo? Hapa inafaa kupima ukweli wa picha ni kitu gani. Kama ni kuonyesha tu kilichosimama mbele ya kamera, yule wa Beddgelert anayengoja gari liondoke ni mkweli kabisa, hakugusa kitu, na Link amedanganya. Naona kinyume. Picha ni ya kweli pale inapohifadhi uhusiano uliokuwapo kati ya vitu vilivyomo. Link alipanga vitu vyake, lakini uhusiano aliouonyesha ulikuwapo: watu wa miji ile waliishi hivyo, wakipendana na kuoga na kulala huku treni ikipita katikati ya maisha yao. Anayeondoa watu hajaongeza hata chembe ya kitu, lakini ameukata uhusiano, na macho yetu hayawezi kuona palipokatwa.

Bado sijagusa swali linalonisumbua zaidi. Kwa nini mvuke? Treni za dizeli zina historia yake, nazo zina wapenzi wake, ila hazikusanyi watu juu ya kilima alfajiri kwa wingi ule. Na sasa tuna reli mpya, na treni nyingine hazina moshi kabisa. Reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi ilifunguliwa mwaka 2017, na Tanzania ilifikisha treni ya umeme Dodoma mwaka 2024. Nimefurahi kama kila mtu. Safari iliyokuwa ya kutwa imekuwa ya saa chache, na hakuna anayeshuka na masizi shingoni. Hata hivyo, treni ya umeme ikipanda mlima huwezi kujua kwa macho kwamba inapanda. Haibadilishi sauti wala haipumui. Nguvu inatoka mahali fulani mbali, kwa watu tusiowaona, na inafika kimya.

Injini ya mvuke haina uwezo wa kuficha gharama. Mzigo ukizidi, pumzi inakuwa fupi na nzito. Makaa yakiingia, moshi unakuwa mweusi kwa muda, na anayetazama kutoka kilimani anajua kwamba sasa hivi mtu ameinua koleo. Nadhani hilo ndilo linalowavuta watu, hata wasipoweza kulitaja. Tumezungukwa na vitu vinavyokuja bila kuonyesha nani amechoka kwa ajili yake: maji bombani, taa ukutani, mkate dukani. Tuna bei ya kila kitu, na bei hutuambia tulipe kiasi gani. Thamani ni kujua kitu kimechukua nini kwa nani. Mvuke ni miongoni mwa mahali pachache palipobaki ambapo hayo mawili yanaonekana kwa pamoja, tena kutoka mbali.

Moshi huo nao una gharama yake, na anayeipenda injini asiikwepe. Makaa ya mawe yanachafua hewa inayopumuliwa na watu wote. Mgodi wa Ffos-y-fran huko Wales, uliowahi kuzilisha reli hizi, ulifungwa mwisho wa mwaka 2023, na sasa makaa yanatoka mbali au yanatafutiwa mbadala. Sioni kosa kuwasha moto kidogo ili ujuzi usife. Ningeliona kosa kama moto huo ungewashwa kwa ajili ya picha peke yake, picha ambayo imemfuta aliyeuwasha.

Uamuzi wangu ni huu. Picha bora ya injini 143 ni ile inayomwacha mtia makaa aonekane, uso umegeukia tanuri, na kama mpanda mlima mwenye koti jekundu amesimama kutazama, aachwe naye, kwa kuwa leo ni siku yake pia. Na kwetu huku kazi ni ya haraka zaidi, maana waliokuwa vijana kwenye injini za mvuke sasa ni wazee sana. Msomaji, ukiwa na babu, baba mkubwa au jirani aliyefanya kazi reli, Voi au Tabora, Nakuru au Morogoro, awe dereva, fundi au mfagiaji wa stesheni, nenda ukampige picha mwaka huu. Muulize alifanya kazi kwenye injini gani na pamoja na nani. Ukishaichapisha, igeuze, uandike nyuma jina lake kamili na majina ya wenzake atakaowataja, kwa kalamu isiyofutika.